Kuuliza Sababu ya Kifo si Kupinga Qadar



Ndugu msomaji, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juma hili naomba ruhusa niiweke kando mada ya malezi tuliyokuwa nayo, nizungumzie msiba ulionifika mimi mwenyewe. Takriban miezi mitatu imepita tangu tulipomzika marhumu baba yangu hapa Kambarage. Wengi wenu mlifika kutupa taazia, na wengine mlituma salamu kutoka Kahama, Geita na Mwanza. Jazaakumullahu khayran. Safu hii ilisita kwa majuma mawili, kisha nikarejea na kuandika mambo mengine, kwa kuwa hili lilikuwa bado halijatulia kifuani. Sasa naona ni wajibu kulieleza, kwani ndani yake mna jambo ambalo kwa miaka mingi nimewaambia watu kinyume chake.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Miongoni mwa kazi zangu ni kuandika daftari la maziko: jina la marhumu, umri wake, tarehe, mahali alipozikwa, na katika safu ya mwisho, sababu ya kifo. Safu hiyo nilizoea kuijaza harakaharaka. "Presha." "Ajali ya bodaboda." "Malaria." "Kifusi," kwa vijana wanaoletwa kutoka machimboni. Pale ambapo jamaa hawakujua, niliandika "maradhi" nikapita. Na mara kadhaa wafiwa walinijia wakiwa na dukuduku juu ya yaliyotokea hospitalini, nami nikawajibu jibu moja: hiyo ni qadar ya Allah, msihoji. Nilidhani nawaliwaza.

Marhumu baba yangu alikuwa na miaka 74 kwa hesabu yake mwenyewe. Katika ujana wake alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, na mpaka uzeeni alibaki na tabia ya mizani. Ukimwambia jambo kwa kukisia alikuuliza, "Umepima, au umetazama tu?" Alikuwa na maradhi ya sukari na presha kwa zaidi ya miaka kumi, lakini swala ya Alfajiri aliiswali msikitini, na fimbo yake niliisikia ikigonga njiani kabla sijaondoka kitandani. Hakuwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa ikisubiri kifo chake.

Alhamisi moja baada ya Magharibi alianza kutokwa jasho na kusema maneno yasiyofuatana. Tukamkimbiza kwa bajaji katika hospitali moja, ambayo sitaitaja. Wakampima, wakasema sukari imeshuka mno, wakamtundikia dripu. Katika muda mfupi alifumbua macho, akatutambua, akauliza nani aliyebaki na Mama nyumbani. Ijumaa alikunywa uji, akaswali kwa ishara, na daktari akatuambia kwamba hali ikiendelea hivyo huenda Jumamosi akaruhusiwa. Nilikaa naye hadi saa tatu usiku. Nikamfunika shuka, nikampa mkono, nikarudi nyumbani kulala. Saa kumi alfajiri simu ikaita. Nilipofika wodini walikuwa wamekwisha kumfunika uso.

Tulimzika Jumamosi hiyohiyo baada ya swala ya Adhuhuri. Nilimwosha mimi pamoja na wazee wawili wa msikiti, nikashuka kaburini, nikampokea. Jioni nilifungua daftari, nikaandika jina la baba yangu kwa mkono wangu, umri wake, tarehe, makaburi. Nilipofika safu ya mwisho, kalamu ilikataa. Nikafunga daftari.

Katika siku za taazia maneno yakaanza. Mgonjwa mmoja aliyekuwa kitanda cha jirani alituma ujumbe kwamba usiku ule Mzee aliomba maji, na shuka yake ilikuwa imelowa jasho, na dripu ilikuwa imekwisha muda mrefu bila ya mtu kuigusa. Dada yangu alikumbuka kwamba Ijumaa aliuliza majibu ya kipimo kimoja akaambiwa asubiri. Mdogo wangu, ambaye ni mchimbaji mdogo upande wa Katoro, aliwasili na wenzake watano, macho yamemvimba kwa kulia. Yeye ndiye aliyetuma fedha za matibabu. Alisema waziwazi kwamba Jumatatu wangekwenda hospitalini kumtafuta muuguzi wa zamu ya usiku. Mama, akiwa amekaa edani, kila jioni aliniuliza swali lilelile kwa sauti ya chini: "Mwanangu, walikuambia nini?" Nami sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikuwa nimeuliza.

Kisha likaja lililonitisha kuliko yote. Siku ya nne, jamaa yetu mmoja wa mbali alinivuta pembeni akasema kwamba mtu hawezi kupona Ijumaa akafa Jumamosi hivihivi. Akasema kuna mkono wa mtu. Akamtaja bibi mmoja jirani yetu, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka mingi. Akasema anamjua mganga wa kuthibitisha.

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Shinyanga, Simiyu au Geita huhitaji kuelezwa maneno hayo hufika wapi. Katika ukanda wetu huu wa Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu na neno la mpiga ramli. Mwezi wa Januari mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku kazi ya waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na bado tunajua kwamba ramli haikwisha. Na kwa upande wa dini, tumefundishwa katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi kwa masiku arobaini. Nilimjibu jamaa yule kwa ukali, akaondoka. Lakini usiku sikulala. Nilitambua kwamba swali la kifo cha baba yangu lilikuwa limekwisha kuzaliwa katika nyumba yetu, na nisipolipeleka mimi kwa mwenye majibu, mwingine angelipeleka kwa mwenye uongo. Na gharama ingelipwa na bibi kizee ambaye siku ya msiba alituletea sufuria ya uji.

Nikarejea vitabu nilivyosoma chuoni, safari hii kama mtu mwenye kiu. Nikayakuta mambo ambayo nilikuwa nikiyafundisha bila kuyaona.

La kwanza ni kifo cha Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), aliyefariki mwaka wa 10 Hijria akiwa bado mdogo wa kunyonya. Sote tunakumbuka kwamba Mtume alitokwa na machozi, na Sahaba alipostaajabu akamweleza kuwa hayo ni rehema. Jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Lile ambalo huwa hatulifikishi mpaka mwisho ni kwamba siku hiyohiyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Lilikuwa neno la kumtukuza mfiwa, na baba mwingine angeliacha lipite. Mtume hakuliacha. Aliwaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Akiwa ndani ya huzuni yake, alikataa kifo cha mwanawe kihusishwe na jambo lisilo la kweli.

La pili ni hadithi ya Jabir iliyomo katika Abu Dawud. Mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba siku zake zilikuwa zimefika basi yamekwisha, ingawa ni kweli zilikuwa zimefika. Alikasirika, akawahesabu wale waliomshauri kuwa ndio waliomuua, akasema kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Na katika hadithi nyingine ya Abu Dawud, mwenye kujitia katika utabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu yake huwa ni dhamini wa madhara yatakayotokea.

Waliotutangulia walilifahamu hilo. Mwaka 319 Hijria, sawa na mwaka 931, khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari kwamba mtu amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamrisha asiruhusiwe mtu kutibu mpaka ajaribiwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit, na wanahistoria husimulia kwamba waliojitokeza kujaribiwa katika mji huo walipita 800. Utaratibu huo ulianza kwa sababu kifo cha mtu mmoja asiyejulikana hata jina lake kiliulizwa.

Hata katika zama zetu na nchi zetu makosa hutokea, na yanapotajwa hadharani watu hufaidika. Mwaka 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, vijana wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuwa na tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa badala ya mwenziwe. Simtaji mtu hapa kwa lengo la kumfedhehesha. Naonesha tu kwamba mwenye kuuliza hamzushii mtu jambo lisilowezekana. Na vilevile madaktari wetu wengi na wauguzi wetu hukesha na wagonjwa ambao sisi wenyewe tumewaacha tukalala. Sura ya al-Hujurat imetuamrisha kuzichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutokujua, na imetuonya na dhana. Muuguzi naye ana heshima mbele ya Allah. Kumhukumu kwa maneno ya kitanda cha jirani ni kuvuka mpaka uleule aliouvuka jamaa yetu juu ya bibi kizee.

Nikamshawishi mdogo wangu asubiri. Nikamwambia, "Twende sote, lakini kwa mlango wa mbele, na kwa barua." Dada akaandika barua fupi isiyo na tuhuma, yenye maswali manne tu. Siku ya tisa baada ya maziko tukapokelewa na daktari mkuu wa hospitali hiyo pamoja na muuguzi kiongozi. Tulikuwa wanne: mimi, dada, mdogo wangu, na sheikh wetu.

Daktari alitupa pole, akafungua faili mbele yetu. Akasoma saa kwa saa. Sukari ilipimwa saa mbili usiku, ikawa nzuri. Maelekezo yalikuwa ipimwe tena saa sita. Chini ya saa sita palikuwa patupu. Kipimo kilichofuata ni cha saa kumi kasoro, na kilikuwa cha kumkuta amekwisha zama. Mdogo wangu akasimama. Sheikh akamshika mkono, akakaa.

Kisha daktari akaniuliza, "Ustadhi, Mzee alipewa dawa yoyote kutoka nyumbani alipokuwa hapa?"

Ndugu msomaji, nilihisi ulimi umekauka. Ijumaa saa tatu usiku, kabla sijamfunika shuka, nilikuwa nimetoa katika mfuko wa plastiki dawa zake za kila siku, kama Mama alivyoniagiza: kidonge kimoja cha presha na kimoja cha sukari. Nilimshikia kikombe cha maji akameza. Nilikuwa nikifanya wema. Sikumuuliza muuguzi kwa sababu hakuwapo karibu, na kwa sababu hazikuwa dawa ngeni; alikuwa akizimeza kwa miaka kumi.

Nikasema, "Nilimpa mimi."

Hakuna aliyenyanyua sauti. Daktari akaeleza taratibu kwamba kidonge cha sukari cha aina ile hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mgonjwa hajala, na kwamba kwa mzee ambaye figo zake zimechoka nguvu yake huweza kubaki mwilini kwa zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo huzinduka kwa dripu akaonekana amepona, kisha sukari ikashuka tena. Nikamuuliza kama kidonge changu ndicho kilichomuua baba yangu. Akasema, "Siwezi kukuambia ndiyo, wala siwezi kukuambia hapana. Kile alichomeza nyumbani Alhamisi kilikuwa bado kinafanya kazi, na moyo wake nao ulikuwa dhaifu. Ninachojua ni kwamba saa sita alipaswa kupimwa na hakupimwa. Usiku ule muuguzi alikuwa mmoja na wodi imejaa, lakini hilo ni letu, si lenu. Na dawa za nyumbani tulipaswa kuziuliza na kuzichukua siku ya kwanza. Hatukuuliza. Kwa hayo mawili nawaombeni radhi." Muuguzi kiongozi, mama wa makamo, alikuwa akifuta macho.

Tulipotoka, mdogo wangu aliyekuja na watu watano kutafuta muuguzi alinishika bega mpaka nyumbani bila kusema neno.

Siwezi kuwadanganya kwamba nilipata raha. Siku zile "laiti" ilikuwa ikiniamsha usiku: laiti ningelala wodini, laiti ningeuliza kabla ya kutoa kidonge. Nilikuwa nikiifahamu vyema hadithi inayotukataza kusema "lau" baada ya jambo kupita, kwamba hufungua kazi ya shetani. Nilichokuwa sikifahamu ni tofauti ya "lau" na "kwa nini." "Lau" hutazama nyuma na kutaka kuirudisha siku iliyopita. "Kwa nini" ya mwenye imani hutaka ukweli ujulikane, aliyekosea atubu, na mwingine asidhurike. Hadithi hiyohiyo inatuamrisha tulishikilie lile linalotunufaisha.

Nikamwendea sheikh na jambo lililokuwa likinila: je, nina kafara juu yangu, kwa yale yaliyotajwa katika sura ya an-Nisaa kuhusu kuua kwa kukosea? Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha kanuni niliyoijibia mtihani chuoni, kwamba hukumu haijengwi juu ya shaka, na kwamba daktari mwenyewe aliyesoma faili hakuweza kuthibitisha. Akasema nimwombee baba yangu, nimtolee sadaka, nilete istighfari kwa uzembe wa kutouliza, na nisijibebeshe ambalo Allah hakunibebesha. Nilimsimulia Mama yote, pamoja na kidonge. Nilikuwa nikiliogopa hilo kuliko kikao cha hospitali. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hata yeye ndiye aliyekifunga kidonge kile katika karatasi, na kwamba baba yangu alikufa akihudumiwa na mkono wa mwanawe. Tangu jioni hiyo hajaniuliza tena waliniambia nini.

Familia tukakubaliana kusamehe. Nasisitiza kwamba tulisamehe baada ya kujua. Kabla ya hapo tusingekuwa na cha kusamehe. Tungekuwa tumenyamaza tu, na kinyongo kingebaki kimelala chini ya majivu. Familia nyingine, katika kosa kubwa zaidi, ina haki ya kudai, na dini haiwalaumu kwa hilo.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, naomba niyaweke mafunzo haya wazi, ili msiba wetu umfae mwingine.

Mosi, andikeni katika karatasi moja dawa zote anazotumia mzee wenu, za hospitali, za dukani na za miti shamba, na kiasi chake. Akipelekwa hospitali, karatasi hiyo na dawa zenyewe zitangulie. Mkabidhini muuguzi. Msimfichie daktari dawa ya mitishamba kwa kuona haya.

Pili, mgonjwa akishalazwa, msimpe kidonge chochote kutoka nyumbani bila kuuliza, hata kama amekitumia miaka ishirini. Mwili wake wa jana si wa leo.

Tatu, mteueni mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari kwa niaba ya familia, aandike majina na saa. Watu wanane wakiuliza kwa zamu, kila mmoja hubaki na kipande cha jibu, na vipande hivyo vikikutana msibani huzaa hadithi isiyokuwepo.

Nne, mzee ni mgeni wa heshima hospitalini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Litumieni, na ombeni kwa adabu ndugu mmoja abaki karibu naye usiku pale inaporuhusiwa.

Tano, kifo kikitokea na mkawa na shaka, ulizeni mapema, kabla kumbukumbu za watu hazijachoka. Anzeni kwa daktari aliyemhudumia, kisha uongozi wa hospitali, kwa maandishi. Msiporidhika, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hizo ndizo njia. Kwenda na rungu wodini si njia, na kwenda kwa mpiga ramli ni kuipoteza dunia na Akhera.

Sita, kuhusu uchunguzi wa maiti. Ni sunna kuharakisha maziko, na mwili wa Muislamu una heshima yake. Lakini Baraza la Fiqhi la Rabitatul Alamil Islami, katika kikao chake cha Makka cha mwaka 1987, liliruhusu uchunguzi huo pale panapokuwa na haja ya kweli, kama vile kujua sababu ya kifo katika jambo la jinai. Kwa hiyo familia iliyo na shaka nzito isiambiwe kwamba imekufuru. Imuulize mwanachuoni, iamue kwa elimu.

Na kwetu sisi viongozi wa misikiti, tuache kulitumia neno qadar kama kifuniko. Umar (r.a.) alipogeuza safari ya Sham kwa sababu ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, akajibu kwamba wanaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Ajali ya mtu haisogei mbele wala nyuma, hilo ndilo tunaloliamini. Lakini amana ya aliyekuwa zamu, na amana ya aliyeshika kikombe cha maji, itaulizwa. Mimi nimekwenda kwa wafiwa watatu niliowafunga midomo miaka iliyopita, nikawaomba radhi. Mmoja wao, mama aliyempoteza mama yake mzazi, aliniambia kwamba bado anayo maswali yake. Kamati imekubali kumsaidia kuandika barua.

Majuma matatu yaliyopita nilimpeleka jirani katika hospitali ileile. Kabla salamu hazijaisha, muuguzi aliuliza, "Mmekuja na dawa za nyumbani? Nipeni zote." Nikageuza uso ili asinione.

Yule bibi jirani bado huja kukaa na Mama jioni. Mama amemwomba asiache kuja mpaka eda itakapomalizika, na mdogo wangu, kabla ya kurudi Katoro, alimbebea gunia la mkaa mpaka jikoni kwake, ili apumzike na moshi wa samadi. Jirani wote walimwona akilibeba, na ndivyo alivyotaka.

Juzi nilifungua daftari la maziko. Katika safu ya mwisho mbele ya jina la baba yangu, nimeandika: "Sukari ilishuka." Ni kile tulichokipima, sikuzidisha wala sikupunguza.

Allah amsamehe marhumu, ampanulie kaburi lake, awarehemu wazazi wetu waliotangulia na awape afya walio hai. Na awape nguvu wale wanaokesha na wagonjwa wetu. Aamin.

Juma lijalo, Inshaallah, tutarejea katika mada ya malezi tulipoishia. Wabillahi tawfiq.